Mizunguko Sita na Mume wa Rumaitha

Nimechoka kusema uongo, na zaidi nimechoka kukumbuka upi nilimwambia nani. Ndiyo maana nayaandika haya, wiki hadi wiki, kabla sijayasahau au hayajanisahaulisha mengine.

Kwa asiyekuwa nami tangu mwanzo: mimi ni Abrahman, mzee wa miaka sitini na saba, bwana shamba mstaafu, mkaazi wa Mgogoni, Pemba. Miaka miwili nyuma nilikutwa na saratani ya tezi dume. Daktari Haitham akaniambia ni ndogo, imelala, haina haja ya kukatwa wala kuchomwa mionzi kwa sasa. Itaangaliwa tu. Kila miezi sita nitoe damu, na baina ya damu na damu nitembee. Nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa kutoka jasho.

Nikachagua kiwanja cha mpira cha Gombani, mjini Chake, kwa sababu Mgogoni mtu mzima akitembea mbio mikono mitupu watu huuliza kafa nani. Huko Gombani nikamkuta Talal, anazunguka peke yake, na maradhi yale yale, katumwa na daktari yule yule.

Talal ni mume wa Rumaitha. Rumaitha alikuwa mke wangu.

Nilimwacha mwenyewe, kwa hasira ya siku moja, kwa chakula kilichochelewa. Alipomaliza eda, Talal akapeleka posa. Miaka ishirini na saba sikumpa mkono yule mtu. Gombani nikampa. Tukaapa kwamba maradhi yetu hayatatoka nje ya uwanja ule. Mke wangu wa sasa, Mwanamize, nilimwambia nina presha. Talal alichomwambia Rumaitha mimi sikukijua, wala sikuuliza.

Laiti ningeuliza.

Mwezi wa Rajab nilikwenda hospitali kuchukua majibu ya damu yangu. Daktari Haitham akayatazama, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Kipimo kimesimama pale pale, Mzee Abrahman. Unatembea?"

"Natembea."

"Usiache. Lakini nakukumbusha tena, kutembea hakuyatibu haya maradhi. Kunaupa mwili nguvu, na roho inatulia. Damu ndiyo inayotwambia kama yameamka au bado yamelala."

Nikatoka nimefurahi. Furaha yenyewe ilifika mpaka dirishani kwa Bi Mwanawema, muuguzi anayeandika tarehe za kurudi.

"Mzee, na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Mzee Talal. Nawaona Gombani pamoja kila nikipita. Tarehe zake mbili zimempita, na simu aliyotupa haipatikani." Hapo hapo akajishika mdomo. "Astaghfirullah. Sikupaswa kukwambia hayo. Nisamehe, mzee wangu."

Tarehe mbili ni mwaka mzima.

Talal alikuwa ameniambia damu yake iko vile vile. Aliniambia mara mbili, tunatembea, anatazama mbele.

Nami nikafungua mdomo nikasema, "Kapima Unguja. Kuna mwanawe kule, ndiye aliyempeleka."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanawema. Akaandika.

Nilimwona akiandika. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia.

Asubuhi ya pili nilimwanza Talal tangu mzunguko wa kwanza.

"Talal, damu yako ya mwisho ilisema nini?"

"Nshakwambia. Vile vile."

"Vile vile na nini? Mwaka mzima hujenda."

Hakusimama. Aliongeza mwendo, ikabidi nami niongeze.

"Nani kakwambia?"

"Kwani uongo?"

Tukapita magoli, yeye mbele.

"Mie nlikuwa siwezi mizunguko miwili," akasema mwishowe. "Leo nakwenda sita, nasema na weye, na pumzi sikosi. Mgonjwa gani huyo?"

"Daktari kasema mazoezi hayatibu."

"Daktari kasema! Weye hujachoka, Abrahman? Unatoa damu, unangoja wiki tatu iende Unguja na irudi. Wiki tatu nikila sijui nnachokula. Ikirudi salama nafurahi siku mbili, halafu naanza kuhesabu miezi. Mie nshachoka, yakhe. Kila miezi sita nahukumiwa, naachiwa, nahukumiwa tena. Nikitembea, basi siku hiyo nimetembea, nimemaliza. Hakuna wa kunambia ngoja."

Yote aliyoyasema yalikuwa yangu, ila mie nilikuwa sijathubutu kuyasema.

"Bi Mwanawema kakuuliza," nikamwambia. "Nimesema umepima Unguja."

Talal akacheka mpaka akashika kiuno.

"Basi ushanitibu," akasema.

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Msomaji utaniuliza kwa nini nilimfichia. Nimejiuliza mengi. Nikasingizia kiapo, nikajisingizia huruma. Kweli yenyewe ni kwamba bila Talal nisingetembea. Pemba nzima alikuwa ndiye mtu pekee niliyeweza kumwambia jana nimeamka mara ngapi kwenda chooni, na yeye akanambia zake, tukapigana mabega tukaendelea. Nilimtaka awe pale asubuhi. Akipelekwa hospitali, akikutwa na jambo, asingekuwa pale.

Na kuna jambo jengine. Nimeahidi kusema kweli, basi nalisema, na aliye na jiwe alitupe.

Siku moja ya Shaaban, tuko mzunguko wa tatu, nilimwona Talal anachechemea kidogo. Nikawaza: Rumaitha akibaki mjane itakuwaje? Niliwaza kwa hatua tatu au nne tu. Nikastaghfiru, nikasoma Ayatul Kursi mpaka mzunguko ukaisha. Lakini hatua zile nilizitembea, na mwenzangu alikuwa ubavuni.

"Mguu una nini?" nikamuuliza.

"Nimelala vibaya."

Ramadhani tukawa tunatembea baada ya alasiri, mizunguko mitatu tu, midomo mikavu. Talal alikuwa akishika mgongo kila akifika upande wa magoli.

"Nenda ukapime, Talal."

"Nimelala vibaya, nshakwambia."

"Mwezi mzima umelala vibaya?"

"Godoro bovu."

Nikanyamaza. Idi ikaja, ikapita. Mizunguko sita ikawa minne, minne ikawa mitatu. Mimi nikawa namngoja, najifanya nafunga kamba za viatu.

Wiki mbili baada ya Idi, nimetoka sala ya alasiri pale Mgogoni, Abdulsamad akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Huyu ni jirani yangu, hana ubaya na mtu.

"Sheikh Abrahman, pole sana. Tumesikia. Mwenyezi Mungu akuafu."

"Mmesikia nini?"

"Hayo maradhi. Usione haya, ni mtihani, na kila mtu ana wake. Na Talal naye Mungu amlipe kheri. Watu mliokuwa hamsalimiani, leo anakushika mkono kila asubuhi kukutembeza!"

"Kumtembeza nani?"

"Si weye? Kasema mwenyewe barazani kwake, mbele za watu. Kasema, 'Yule masikini ana saratani, sina budi naye, akitembea peke yake ataanguka.'"

Watu walikuwa wanavaa viatu. Hakuna aliyenitazama, na hivyo ndivyo nilivyojua kuwa wote wanajua.

Nikapanda vespa yangu. Nyumbani ni karibu, lakini nilizunguka njia ndefu ya mabondeni. Sikutaka kufika.

Mwanamize alikuwa uani anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba Laila," akasema, "presha nayo hupimwa kwa damu ya kupeleka Unguja?"

Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Nani kakwambia?"

"Ummkulthum wa jirani. Hitimani. Mbele ya wanawake arubaini, kanipa pole ya mume wangu. Nikaitikia ahsante. Nilikuwa sijui naitikia nini."

"Nlikuwa sitaki kukutia khofu."

"Khofu nlikuwa nayo!" Sasa aliinua uso. "Nlikuona unaamka usiku. Nlikuona unatoka alfajiri na viatu vya mpira, unarudi umetulia, kama mtu aliyetoka kwa mtu. Nikajua una mke Chake. Nshajipanga namna ya kumpokea. Nshajua nitamwambia nini akija na mwanawe mkononi."

"Wallahi sina mke Chake."

"Najua. Na ni afadhali ungekuwa naye." Akarudi kwenye mchele wake. "Miaka miwili. Ukamwambia mume wa Rumaitha. Mie hukunambia."

Nilitaka kusema kuwa sikumwambia, tulikutana tu. Nikaona ni maneno ya wakili.

Siku tatu Mwanamize hakusema nami ila "chakula hicho" na "mlango huo". Siku zote tatu sikwenda Gombani. Siku ya nne niliamka nina nia moja: kumpiga Talal. Mzee wa miaka sitini na saba, mwenye saratani, natia mafuta vespa niende nikampige mzee mwenzangu. Msomaji cheka ukitaka. Mimi njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya ngumi.

Talal hakuwepo.

Penye kivuli cha jukwaa alisimama mwanamke wa buibui, mkoba mkononi. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama, uzito wote mguu mmoja. Miaka ishirini na tisa na alikuwa bado anasimama vile.

"Asalaam alaykum, Abrahman."

"Waalaykumu salaam, Rumaitha."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Sikuja kwa shari. Nimesikia unaumwa, nakuombea dua. Lakini nimekuja kukuomba kitu, na nakuomba kwa heshima."

"Sema."

"Mwache mume wangu."

Sikufahamu.

"Tafuta mwengine wa kukutembeza. Una wakwe, una majirani. Talal si kijana. Tangu aanze kukushughulikia anarudi hoi. Mgongo unamuuma, halali. Amekonda, nguo zake nazipunguza mwenyewe. Juzi kaenda chooni kashika ukuta. Nikimwambia apumzike ananambia, 'Abrahman ananingoja.' Ananimalizia mtu wangu huyu Abrahman, nikasema. Ndipo nikaja."

Ngumi nilizokuja nazo sikujua zimekwenda wapi. Nilisikia mgongo, nikasikia kukonda, nikasikia ukuta, na nikamwona Bi Mwanawema akiandika lile neno langu, Unguja, kwenye daftari.

Niliapa. Lakini Talal naye aliapa, na kiapo chake kilikuwa kimeshafika msikitini.

"Rumaitha," nikasema, "kaa chini."

"Nitasimama."

"Mimi ni mgonjwa, kweli. Talal naye ni mgonjwa. Maradhi ni hayo hayo. Hanitembezi. Tunatembea pamoja kwa sababu sote tumeambiwa tutembee. Ila mimi damu nimetoa na yeye hakutoa, mwaka na zaidi sasa. Huo mgongo si wa uchovu. Mpeleke hospitali. Mpeleke leo."

Hakulia. Hakushtuka. Alinitazama kama vile nimetema mate miguuni mwake.

"Miaka ishirini na tisa," akasema polepole, "umekaa unatafuta la kumtia mume wangu. Hili ndilo ulilolipata?"

"Wallahi nasema kweli."

"Uliniapia wallahi siku ile uliponiacha kwamba sitaolewa tena. Unakumbuka? Nimeolewa na mtu mwema. Anakuhurumia weye, anakubeba, na malipo yake ndiyo haya, kumpachika maradhi yako." Akakaza mkoba. "Usimkaribie tena. Akija hapa, weye ondoka."

Akaenda zake. Sikumfuata. Ningesema nini ambacho hakikunajisiwa na mimi mwenyewe siku nyingi zilizopita?

Nilikaa pale jukwaani mpaka jua likawa kali. Wala sikutembea. Miguu ilikuwa haina shida. Nilichoka mahali ambapo kutembea hakufiki.

Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia Mwanamize yote. Kutoka damu ya kwanza mpaka maneno ya Rumaitha. Nikamwambia na uongo wa dirishani. Zile hatua tatu au nne za Shaaban sikumwambia. Hizo nimewaambia nyinyi tu.

Alinisikiliza, mikono imetulia mapajani. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Anakonda kweli?"

"Anakonda."

"Na ukijua, ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi, anafunga nguo zake aende kwao Shumba. Akatoka amevaa buibui, anafunga mtandio.

"Washa vespa."

"Twende wapi?"

"Kwa Rumaitha. Weye hakuamini, na ana haki. Mie sijapata kumdanganya."

"Mwanamize, nyie hamsemezani. Tangu siku ya harusi yetu hamsemezani."

"Basi leo nina la kumsemeza."

Kumpeleka mke wangu kwa mke niliyemwacha, yeye kakaa nyuma yangu upande upande, kashika kiti badala ya kunishika mimi, ile ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizopata kwenda, na si zaidi ya nusu saa.

Kabla ya kufika kwao tulisimama hospitali kwanza. Mwanamize alitaka hivyo. Alisimama kando yangu dirishani nikamwambia Bi Mwanawema, "Lile la Unguja nilitunga mimi. Mzee Talal hajapima." Bi Mwanawema hakunigombeza. Alifungua daftari, akakata mstari juu ya neno, akasema, "Mleteni. Hata leo. Msingoje tarehe."

Msingoje. Miaka miwili nimeambiwa ngoja, na neno hilo sikuwahi kulisikia kwenye dirisha lile.

Talal alikuwa barazani, kakaa kwenye kiti cha mikono, shuka magotini ingawa kulikuwa na joto. Aliponiona, uso ulimbadilika. Alipomwona Mwanamize nyuma yangu, ukambadilika tena.

"Karibuni," akasema. Hakusimama.

Rumaitha akatoka ndani kwa ile sauti. Aliniona mimi kwanza, akafungua mdomo kunifukuza. Kisha akamwona Mwanamize, na mdomo ukabaki vile.

"Asalaam alaykum, Bi Rumaitha," akasema mke wangu. "Umetuona. Hatukuja kukaa."

"Waalaykumu salaam." Kisha, kwa kuwa ni mwanamke wa watu, "Karibu, Bi Mwanamize."

"Nimepewa pole hitimani ya maradhi nisiyoyajua," akasema Mwanamize. "Mume wangu kanificha miaka miwili. Sitaki na weye upewe pole yako hivyo. Muulize wako, mbele yetu. Akisema Abrahman mwongo, nitamchukua mwongo wangu nirudi naye Mgogoni, na hutamwona tena."

Rumaitha alimtazama sana. Kisha akamgeukia mumewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Talal. Wanasema uko mgonjwa. Mie nimesema si weye. Nambie, baina yenu, mgonjwa ni nani?"

Talal alinitazama. Nilimtazama. Nilimwomba kwa macho kama nilivyokuwa nikimwomba mzunguko wa mwisho, kidogo tu, kidogo tu, tunafika.

Akainua mkono kutoka kwenye shuka. Akaninyooshea kidole mimi.

"Huyo," akasema.

Rumaitha akashusha pumzi. Nami nikageuka niwashe vespa, kwa sababu sikuwa na chengine cha kufanya.

Lakini Mwanamize hakugeuka. Alipanga mtandio wake taratibu, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni yeyote aliyemaliza ziara yake.

"Haya, tumesikia," akasema. "Basi simama tuagane, shemegi, sisi twende zetu."

Talal akatazama chini. Akaliondoa shuka. Akashika mikono ya kiti, huku na huku, akainama mbele. Mwili haukuinuka.

Na sisi watatu tukasimama pale, tunamngoja.